Kuhudhuria Tamasha la Hisani la Waimbaji wa Tamthilia, Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Bango Hadi Risiti ya Mchango

Tamasha la hisani lina kazi mbili kwa usiku mmoja: kukuburudisha, na kufikisha pesa kwa mwenye shida. Wengi wanaotoka nyumbani na nia njema hurudi wamekosa moja kati ya hizo, na wengine zote mbili. Tiketi imegundulika mlangoni kuwa feki. Gari la kurudi Lindi halipo. Kiti kiko pembeni ya spika na maneno hayasikiki. Au mtu ameahidi laki moja ukumbini na hajui aitume wapi.

Makosa haya ni yale yale kila mara, na mengi hufanyika kabla msanii wa kwanza hajapanda jukwaani. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu inahusu siku za kabla ya tamasha.

Tamasha tunalolizungumzia ni lile ambalo waimbaji wake ni waigizaji wa tamthilia za muziki, yaani hadithi za jukwaani zinazosimuliwa kwa nyimbo: watu wanaoimba wakiwa wamevaa uhusika, mara nyingi wakisindikizwa na kinanda na bendi ndogo. Halifanani na shoo ya bongo fleva, wala na usiku wa taarabu, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

## Vitu vya kuandaa

- Picha kamili ya bango au tangazo, pamoja na yale maandishi madogo ya chini.
- Simu yenye chaji na salio la kutosha kwenye akaunti yako ya pesa.
- Tiketi, pamoja na ujumbe wa muamala wa malipo yake. Usiufute.
- Noti ndogo: za 1,000, 2,000 na 5,000.
- Kitambulisho, cha NIDA au cha mpiga kura.
- Namba za madereva wawili wa bajaji, siyo mmoja.
- Khanga, kikoi au koti jepesi, na dawa ya kujipaka dhidi ya mbu.
- Kalamu.

Bajeti igawe kabla ya kutoka. Chukua mfano wa mtu mwenye shilingi 40,000: tiketi 15,000, bajaji kwenda na kurudi 6,000, maji na kitafunwa 4,000, mchango wa ziada 12,000, akiba 3,000. Bei zitatofautiana na za kwenu, ila vifungu vibaki hivyo hivyo. Anayesahau kifungu cha mchango hufika kwenye mnada wa kuchangisha hana kitu, halafu anaahidi pesa ya ada ya mtoto.

## Hatua ya 1: Soma bango neno kwa neno

Tafuta majibu manne: nani anafaidika, nani anaandaa, pesa ipi inakwenda kwa mfaidika, na malipo yanapokelewa kwa jina gani.

Jibu la tatu ndilo lenye mtego. "Mapato yote" maana yake kila shilingi ya tiketi. "Sehemu ya mapato" inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa moja ya kumi. Uliza ni asilimia ngapi. "Faida yote" maana yake kitakachobaki baada ya kulipa ukumbi, jenereta, mitambo ya sauti, nauli za wasanii na malazi yao. Msanii akitoka Dar es Salaam au nje ya nchi, gharama hizo siyo ndogo.

Piga hesabu uone. Ukumbi wa watu 300, tiketi shilingi 15,000, umejaa wote: ni 4,500,000. Gharama zikiwa 3,800,000, kinachobaki ni 700,000. Kwa maneno mengine, kwenye kila tiketi ya 15,000, mwenye shida amepata kama 2,300 tu. Mwandaaji hajaiba, ndivyo matamasha yalivyo. Lakini wewe unapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa, kwa sababu linabadilisha namna ya kutoa.

Ushauri wetu: bango likisema "faida", nunua tiketi ya kawaida na utoe tofauti moja kwa moja. VIP ikiwa 50,000 na kawaida 15,000, zile 35,000 zikiingia kwenye sanduku la mchango zitafanya kazi kubwa kuliko zikiingia kwenye kiti chenye kitambaa. Kama kuna mdhamini aliyebeba gharama zote, na imeandikwa hivyo, hapo VIP ina maana.

Kisha mthibitishe mfaidika kwake mwenyewe, siyo kwa namba iliyo kwenye bango. Bango likitaja wodi ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, nenda hospitalini uulize utawala kama wana taarifa ya tamasha hilo. Likitaja shule, muulize mkuu wa shule. Likitaja shirika lisilo la kiserikali, omba kuona cheti cha usajili, na ukiwa na shaka pita ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Wao ndio wanaoyafuatilia mashirika hayo wilayani.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia jirani kwa sentensi moja: pesa ni za nani, za kununua nini, kiasi gani cha tiketi yangu kinafika, na kwa tarehe gani.

## Hatua ya 2: Nunua tiketi kwa njia inayoacha alama

Lipa kwa Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Soma jina hilo. Likiwa la mtu binafsi ilhali bango linataja taasisi, acha muamala hapo hapo, piga simu uulize.

Sababu ni mbili. Pesa iliyoingia kwenye simu ya mtu binafsi haina mahesabu yanayoweza kukaguliwa, hata mtu huyo akiwa mwaminifu. Na siku tamasha likiahirishwa, taasisi unaweza kuifuata ofisini, ila mtu aliyezima simu humpati.

Ukishalipa, hakikisha una vitu vitatu: ujumbe wa muamala, tiketi yenyewe (karatasi au msimbo kwenye simu), na jina lako kwenye orodha kama wanaweka orodha. Msimbo huo piga skrinishoti, maana mtandao unaweza kusuasua pale getini watu 300 wanapofungua simu kwa wakati mmoja.

Tahadhari ya kwanza: usiweke picha ya tiketi kwenye status. Msimbo ukionekana, yeyote anaweza kuupiga picha na kuingia kabla yako. Mashine ya getini inasoma msimbo mara moja tu. Wa pili anaambiwa tiketi imeshatumika, na wa pili huyo ni wewe.

Tahadhari ya pili: matangazo yenye namba za simu huwavuta matapeli. Ukipata ujumbe wa "ile hela ya tamasha tuma kwenye namba hii", usitume. Namba iliyouleta iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli wa mitandao ya simu.

Tahadhari ya tatu ni ndogo ila inawaangusha watu: muda. Bango lililochapwa Dar huweza kuandika 7:00 PM, nayo ni saa 1 usiku. Likiandika 7:00 tupu, bila asubuhi wala usiku, piga simu uulize.

## Hatua ya 3: Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Kwenda hakuna shida. Mchana magari yapo. Tamasha la kuanza saa 1 usiku likiwa na sehemu mbili za dakika 45 hadi 60 na mapumziko ya dakika 15 au 20, pamoja na hotuba na mnada, litaisha kati ya saa 4 na saa 5 usiku. Saa hiyo usitegemee kukuta gari la abiria la kukupeleka mkoa wa jirani.

Unaishi Mtwara mjini (Shangani, Ligula, Chuno, Magomeni na kwingineko): bajaji inatosha. Patana na dereva mchana, mweleze muda na mahali pa kukuchukua, na mtaje sehemu yenye taa, siyo "pale getini". Getini kutakuwa na watu wote. Mpe nusu ya nauli akishakufikisha, nusu akija kukuchukua. Dereva wa pili ni wa akiba, wa kwanza akipata abiria wa Mikindani.

Tamasha liko Mikindani na wewe uko mjini: ni kama kilomita 10 na daladala zipo mchana, ila usiku usizitegemee. Mkiwa watatu au wanne, kodini bajaji au gari dogo kwa pamoja.

Unatoka Lindi kwenda Mtwara, au kinyume chake: ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Lala. Anayetoka Masasi, Nachingwea au Newala naye alale. Kusafiri saa 5 usiku kwa Noah ya kukodi, dereva akiwa ameshinda barabarani tangu alfajiri, ni hatari isiyo na sababu. Gesti iwekee nafasi mapema, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, kipindi ambacho minada ya korosho huleta wanunuzi na madereva wa malori mjini. Lindi angalia pia miezi ya minada ya ufuta, katikati ya mwaka.

Ukienda na mtoto, uliza umri unaoruhusiwa, na uliza nyimbo zinahusu nini. Tamthilia nyingi za muziki zina vita, kifo au mapenzi ya watu wazima ndani yake hata kama muziki unachangamsha. Mtoto wa chini ya miaka 5 atasinzia au atalia kabla ya mapumziko, na hapo hamtasikia mtu. Ukiwa na mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, usiulize "kuna njia?" kwa sababu jibu huwa ni ndiyo. Uliza kuna ngazi ngapi mlangoni, choo kiko umbali gani, na kiti cha magurudumu kitawekwa safu ya ngapi.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili za madereva, au ufunguo wa chumba, kabla ya saa 10 jioni ya siku yenyewe.

## Hatua ya 4: Zijue nyimbo kabla hujazisikia

Wimbo wa tamthilia umetolewa katikati ya hadithi. Anayeuimba haimbi kama yeye mwenyewe. Ni mama aliyefiwa, au kijana anayetaka kutoroka kijijini, au mfalme anayeogopa. Kwenye tamthilia kamili ungefika kwenye wimbo huo ukiwa umeshamjua mhusika kwa saa nzima. Kwenye tamasha unaletewa wimbo peke yake, na mshereheshaji ana sekunde 30 za kukueleza hali.

Waombe waandaaji orodha ya nyimbo. Wakiwa nayo, kila wimbo utafutie majibu matatu tu: nani anaimba, anamwimbia nani, anataka nini. Nyimbo za Kiingereza zisomee muhtasari wa hadithi zake kwa Kiswahili au kwa lugha unayoielewa vizuri. Jioni moja inatosha kabisa kwa kazi hii, na hakuna maandalizi mengine yatakayokulipa zaidi ya haya ukishakaa kwenye kiti.

Orodha isipopatikana, basi ukifika uchukue karatasi ya ratiba mlangoni na uisome kabla taa hazijazimwa.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula kabla. Vitafunwa vya ukumbini vikiuzwa kuchangia tamasha, nunua, lakini usifike na njaa. Saa tatu za kukaa ukumbini ni nyingi.

Kama tamasha liko nje, chukua nguo ya mikono mirefu na ujipake dawa ya mbu. Mikoa hii miwili ina malaria ya kutosha, na watu waliokaa kimya gizani ni chakula cha mbu. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hufanya usiku wa pwani kuwa wa baridi kuliko mnavyodhani mchana, kwa hiyo khanga ya ziada ina kazi. Desemba hadi Aprili ni mvua: uliza mapema kama kuna ukumbi wa akiba.

Kwa anayeswali: Magharibi huku huingia kati ya saa 12 na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi, na Isha huja saa moja na kitu baadaye. Tamasha la saa 1 usiku linamaanisha Isha itaingia sehemu ya kwanza ikiendelea. Swali Magharibi msikiti ulio karibu na ukumbi kisha uingie. Isha unaweza kuiswali mapumzikoni. Muulize mlinzi mapema kama mlango unaruhusu kutoka na kurudi, na kama tiketi itahitaji muhuri.

Fika dakika 45 kabla. Kwenye matamasha ya aina hii anayechelewa huzuiwa mlangoni hadi wimbo uishe na makofi yapigwe, kwa sababu mlango ukifunguliwa katikati ya wimbo wa taratibu, mwanga na kelele za nje humtoa mwimbaji kwenye uhusika na humtoa msikilizaji kwenye hadithi. Ukizuiwa, usigombane na bawabu. Anafanya kazi yake.

## Hatua ya 6: Chagua kiti kwa masikio

Kama viti havina namba, hapa ndipo dakika zile 45 zinapolipa.

Kumbi zetu nyingi ni za kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la bati. Sauti hugonga kila upande na kurudi. Ukikaa nyuma, unasikia zaidi sauti iliyogonga ukuta kuliko iliyotoka mdomoni au kwenye spika moja kwa moja, na maneno yanachanganyikana. Kwa muziki wa kucheza hilo halisumbui. Kwa wimbo ambao hadithi yote iko kwenye maneno, umepoteza tamasha.

Kaa katikati, kuanzia safu ya 4 hadi ya 8. Safu ya kwanza na ya pili, ambazo mara nyingi ndizo VIP, zina tatizo lao: spika zimewekwa pembeni na zinaelekezwa juu ya vichwa vyenu, kwa hiyo mnasikia ngoma na besi za jukwaani kuliko mwimbaji. Ni kiti cha kuonekana, siyo cha kusikia.

Epuka pia chini ya feni inayolia, karibu na mlango, na upande wa jenereta. Umeme ukikatika, jenereta ndiyo itakayowasha mitambo, na ukuta wa tofali moja hauzuii mngurumo wake.

Kwenye uwanja wa wazi mambo ni tofauti kidogo. Hakuna mwangwi, ila upepo huipeleka sauti. Simama uhisi upepo usoni: kaa upande ambao upepo unatoka jukwaani kuja kwako.

Utajua umefaulu pale mshereheshaji anapojaribu maikrofoni: ukisikia herufi za mwisho za maneno yake bila kukaza shingo, baki hapo. Ukisikia sauti tu, hama mapema.

## Hatua ya 7: Kusikiliza, kushangilia, na suala la kutunza

Hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea kwa sababu ya ukarimu wetu, na panahitaji maelezo ya kutosha.

Kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa moyo unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza. Kwenye ngoma, mtazamaji ni muitikiaji. Ukikaa kimya umeisusa. Hizo ni adabu nzuri mahali pake. Kwa mwimbaji wa tamthilia zinageuka kuwa kikwazo. Yeye yuko ndani ya mtu mwingine. Kama anaimba mjane anayeongea na kaburi, ukimwekea noti usoni kaburi limetoweka. Tena maikrofoni yake mara nyingi ni ile nyembamba ya shavuni au kwenye paji la uso. Mkono wako ukiigusa, ukumbi mzima unasikia mkwaruzo.

Kuna sababu kubwa zaidi. Kwa desturi, pesa uliyomtunza mwimbaji ni ya mwimbaji. Uliyekuja kumchangia ni mgonjwa au mwanafunzi. Noti hiyo iweke kwenye sanduku. Baadhi ya waandaaji, wakiijua hadhira yao, hutenga wimbo mmoja wa mwisho wa kutunza na kutangaza kwamba kitakachotunzwa kinakwenda kwenye mchango. Hapo nyanyuka, tena kwa madaha yote.

Makofi na vigelegele vinatakiwa sana, ila kwa wakati wake. Nyimbo nyingi za kuchangamsha humalizika kwa pigo moja kali la bendi nzima, na mwimbaji anabaki ameganda, mkono juu. Hapo piga, paza sauti, vigelegele vitoke. Nyimbo za huzuni hufifia. Usiharakishe. Zingine hunyamaza kabisa kabla ya ubeti wa mwisho, halafu zinapanda juu kuliko mwanzo, na anayepiga makofi kwenye kile kimya huuvunja wimbo mahali ulipokuwa umefikia ubora wake.

Dawa ya kutokosea ni moja: tazama mikono ya mpiga kinanda. Wimbo haujaisha mpaka mikono itoke kwenye vibao na kushuka mapajani. Ikiwa bado iko juu ya vibao, hata kukiwa kimya kiasi gani, kuna kinachokuja.

Usiimbe pamoja na mwimbaji mpaka uitwe. Ukiitwa, imba kwa nguvu zote. Waimbaji hawa wakisema "wote" wanamaanisha.

Simu zima mlio na mtetemo, na punguza mwanga wa skrini. Usirekodi wimbo mzima. Nyimbo hizi zina wenye haki zake, na ruhusa ya kuziimba jukwaani siyo ruhusa ya kuzirekodi na kuzirusha. Waandaaji ndio watakaoulizwa, siyo wewe, na safari ijayo wanaweza kunyimwa. Mwanga wa kamera nao humpofusha msanii anayeshuka ngazi gizani. Piga picha mwishoni, wakati wasanii wote wako mbele wanainama kushukuru.

## Hatua ya 8: Sanduku, mnada na ahadi

Mara nyingi ombi la mchango huja kabla ya mapumziko au kabla ya wimbo wa mwisho. Usitoke kwenda kununua maji wakati huo. Ndicho kilichowaleta wote.

Sanduku. Liwe limefungwa kwa kufuli, lenye tundu juu, na limesimamiwa na watu wawili. Bakuli la wazi linalopitishwa gizani siyo kosa la jinai, ila wewe subiri taa ziwake.

Mchango kwa simu. Rudia utaratibu wa hatua ya 2: soma jina kabla ya namba ya siri. Namba itakayotangazwa jukwaani ilinganishe na iliyo kwenye bango. Zikitofautiana, toa pesa taslimu na uombe risiti.

Mnada. Jiwekee kikomo kabla haujaanza na ukiandike kwa kalamu nyuma ya tiketi. Mshereheshaji mzuri anajua kukutaja jina, kuutaja ukoo wako na kukulinganisha na jirani yako. Kikomo kilichoandikwa kinakusaidia kukaa.

Ahadi. Ukiahidi, omba fomu yenye jina lako, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya kulipia. Fomu isipokuwepo, mwandikie mweka hazina ujumbe hapo hapo: "Nimeahidi shilingi 50,000, nitalipa tarehe 5 kwa Lipa Namba ya taasisi." Waandaaji hupanga manunuzi kwa kutegemea ahadi, na ahadi zisizolipwa ndizo zinazofanya vitanda vilivyotangazwa kumi viwe sita. Bora kutoa 10,000 mkononi kuliko kuahidi 100,000 ya hewani.

Utajua umefaulu ukiondoka na kitu kimoja cha maandishi kwa kila shilingi uliyotoa: risiti, ujumbe wa muamala au fomu.

## Hatua ya 9: Kutoka

Kaeni dakika kumi baada ya wimbo wa mwisho. Mlango hujaa, na bajaji hupandisha bei kwa wanaotoka wa kwanza wakiwa na haraka. Ukitaka kuzungumza na wasanii, subiri watakapotoka wenyewe. Wamekuwa wakiimba kwa koo na mwili mzima, na wengi hawatapenda kuongea kwa sauti. Neno fupi la shukrani linatosha. Mpe neno hilo mpiga kinanda pia.

Mpigie dereva wako kabla hujatoka nje, siyo ukiwa umeshasimama gizani na simu mkononi.

## Hatua ya 10: Fuatilia pesa mpaka ifike

Karibu hakuna anayefanya hatua hii, na ndiyo maana tunaiandika kwa mkazo.

Ndani ya wiki mbili hadi mwezi, waandaaji wanatakiwa waweze kusema mambo matatu: zimekusanywa kiasi gani, zimetumika kiasi gani, zimekabidhiwa kiasi gani. Picha ya hundi kubwa ya karatasi inaonyesha makabidhiano, haionyeshi gharama. Uliza hesabu zote tatu.

Ukiwa umelipa ahadi yako, tuma ujumbe wa muamala kwa mweka hazina na uombe risiti. Kisha, mwezi ukipita bila taarifa, andika ujumbe mfupi wa heshima: "Shikamoo mzee, nilihudhuria tamasha la tarehe fulani na kuchangia shilingi fulani, namba ya muamala ni hii. Naomba kujua makabidhiano yamefanyika au yatafanyika lini." Maneno hayo hayamtuhumu mtu, na namba ya muamala inamwonyesha kuwa unazo kumbukumbu.

Jibu lisipokuja ndani ya siku saba, nenda kwa mfaidika: hospitali, shule au kituo kilichotajwa kwenye bango. Waulize wamepokea nini. Wakisema hawajapokea, peleka nakala ya bango, tiketi na ujumbe wa muamala kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na kama jina la mpokeaji halikuwa la taasisi iliyotangazwa, peleka nakala nyingine polisi. Wakisema wamepokea, waombe wakuonyeshe kilichonunuliwa, halafu watumie picha hiyo wale uliokwenda nao.